Luteni Moseley, Aliyezipa Elementi Namba Zake

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale ana njia mbili mbele yake akishapita mji wa Iganga. Akishika ile ya kushoto, hufika Mbale kwa kupitia Tirinyi na mabonde ya mpunga. Akiendelea na barabara kuu ya Bugiri na Tororo, safari yake huwa ndefu zaidi, lakini huwa ni safari ya madini. Karibu na njia hiyo, huko Makuutu, upo udongo wa mfinyanzi ulioshika ndani yake yale yaitwayo madini adimu. Mbele yake, nje kidogo ya Tororo, ni vilima vya Sukulu, vyenye fosfeti, niobiamu na chuma cha sumaku. Akisha kufika Mbale na kuelekea kusini-mashariki, chini ya mlima Elgon, atakuta Bukusu, ambako chuma cha namna hiyo hiyo kimelala toka zamani. Na huko Jinja alikoanzia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970, palikuwa na tanuru iliyoyeyusha shaba iliyoletwa kwa gari moshi kutoka Kilembe.

Mkulima akishika udongo wa Makuutu mkononi huona udongo tu. Hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuona neodimiamu au disprosiamu ndani yake, wala pua haiwezi kuinusa. Siku hizi mtaalamu huweka punje kidogo ndani ya mashine, akaipiga kwa eksirei, na muda si mrefu mashine humtajia elementi nyingi zilizomo na kiasi chake. Kiko hata kifaa cha kushika mkononi, chenye umbo la bastola kubwa, ambacho wanajiolojia hutembea nacho porini. Mtu aliyefungua mlango wa kazi hii hakuwa mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa kijana wa miaka 26, ambaye mwaka mmoja na nusu baadaye alikufa vitani akiwa luteni wa mawasiliano. Jina lake ni Henry Gwyn Jeffreys Moseley. Huyo ndiye tunayependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake.

Moseley alizaliwa Weymouth, pwani ya kusini ya Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Baba yake alikuwa profesa wa elimu ya wanyama, naye alikuwa miongoni mwa wataalamu waliozunguka dunia katika meli iitwayo Challenger, wakichunguza vilindi vya bahari. Babu yake mzaa mama alikuwa bingwa wa elimu ya makombe na konokono. Baba alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, akalelewa na mama yake, Amabel, ambaye alikuwa rafiki yake wa karibu mpaka mwisho. Alisoma Eton kwa ufadhili, kisha mwaka 1906 akaingia Chuo cha Trinity katika Oxford. Mwaka 1910 alihitimu, akapata daraja la pili. Tunalitaja jambo hili makusudi, kwa kuwa wako watu miongoni mwetu wanaodhani kwamba cheti cha kijana ndicho kipimo cha mwisho cha akili yake.

Mwaka huo huo alikwenda Manchester kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima kutoka New Zealand, ambaye mwaka uliofuata alitangaza kwamba kila atomu ina kiini kidogo kizito katikati yake. Moseley alipewa kwanza kazi ya kufundisha wanafunzi, kazi ambayo hakuipenda. Alikuwa mtu wa kukesha. Wenziwe walimjua kwa tabia ya kufanya kazi usiku kucha, na inasemekana alijua mahali pa kupata chakula Manchester saa tisa za usiku.

Wakati huo eksirei zilikuwa zimejulikana kwa miaka kumi na mitano hivi, tangu Röntgen alipozigundua mwaka 1895, lakini wataalamu walikuwa bado wakibishana zilikuwa ni kitu gani. Mwaka 1912 Max von Laue na wenziwe katika mji wa Munich walizipitisha ndani ya fuwele, wakaona zikitawanyika kwa mpango maalumu, jambo lililothibitisha kuwa ni mawimbi kama nuru, ila ni mafupi mno. Huko Uingereza Bragg na mwanawe wakaonyesha jinsi fuwele iwezavyo kutumika kama kioo cha kuzichambua. Moseley alimwomba Rutherford ruhusa ya kuingia katika uwanja huo. Rutherford hakuwa na shauku nao mwanzoni. Kijana alisisitiza, akaenda Leeds kwa Bragg kujifunza, na akaanza kazi pamoja na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin maarufu.

Hapa inatubidi tusimame kidogo ili msomaji aelewe fumbo lililokuwapo. Tangu mwaka 1869 Mrusi Mendeleev alikuwa amezipanga elementi katika jedwali, kwa jumla akifuata uzito wake. Mpango huo ulifaa sana, lakini palikuwa na mahali ulipokwama. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, na kwa hiyo ilipasa ikae nyuma yake. Tabia yake lakini ilidai ikae mbele. Wakemia waliipanga kwa tabia, wakafumba macho kuhusu uzito. Tena hakuna aliyejua ni elementi ngapi zilikuwa bado hazijaonekana, wala mahali pake. Hasa katika yale madini adimu palikuwa na vurugu kubwa: kila mara mtu alitangaza elementi mpya, na baada ya miaka michache ikaonekana ni mchanganyiko wa zile za zamani. Kwa ufupi, lilikuwa jeshi lenye askari wengi lakini lisilo na namba za askari.

Katika nusu ya pili ya mwaka 1913 Moseley aliunda chombo chake. Ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa aliweka reli ndogo, na juu ya reli kitoroli, na juu ya kitoroli vipande vya elementi mbalimbali vimepangwa kwa mstari. Kitoroli kilivutwa huku na huku kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, ili kila kipande kifike kwa zamu yake mahali pa kupigwa na elektroni. Kikipigwa, hutoa eksirei zake. Eksirei hizo ziliangukia fuwele, zikachambuliwa, zikaandika mistari juu ya bamba la picha. Kwa njia hiyo hakulazimika kufungua bomba kila anapobadilisha elementi, na kazi ambayo ingechukua miezi ilikwisha kwa siku. Sisi tuliofundishwa katika chuo cha makadeti kuheshimu zana rahisi inayofanya kazi tunakiri kwamba kitoroli hicho kinatupendeza kuliko mashine nyingi za gharama.

Alianza na elementi kumi, tangu kalsiamu hadi zinki, kasoro moja tu katikati. Alipopanga picha zake moja chini ya nyingine, mistari ilishuka kama ngazi, kipandio baada ya kipandio, bila kuruka. Akipiga hesabu, kipeuo cha pili cha kasi ya mitetemo ya eksirei kiliongezeka kwa kiasi kile kile kila alipotoka elementi moja kwenda ya pili. Maana yake ni kwamba ndani ya kila atomu kuna hesabu kamili, moja, mbili, tatu, isiyo na nusu wala robo. Nayo ni idadi ya chaji katika kiini. Mholanzi van den Broek alikuwa ameshabahatisha wazo hilo, na Niels Bohr alikuwa ametoa nadharia ya atomu mwaka huo huo, lakini ni Moseley aliyeleta ushahidi. Kobalti ikapewa 27, nikeli ikapewa 28, shaba 29, na ubishi wa uzito ukaisha. Miamba ya Kilembe ina shaba na kobalti pamoja. Kwa hiyo katika ile tanuru ya Jinja zilipita namba 27 na namba 29 za Moseley, ingawa sidhani wafanyakazi wa zamu waliwahi kuambiwa.

Jambo lingine alilolitambua ndilo lenye manufaa makubwa leo. Kipande chake cha kobalti hakikuwa safi, na picha ilionyesha mistari hafifu ya chuma na nikeli iliyojificha ndani yake. Alipoweka shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko, mistari ya shaba na ya zinki ilionekana bayana, kila mmoja mahali pake. Akaandika wazi kwamba njia hii itafaa kuchunguza madini na kuvumbua elementi zisizojulikana. Makala yake ilitoka Desemba 1913.

Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Oxford ili awe karibu na mama yake, akafanya kazi bila mshahara katika maabara aliyoazimwa. Huko alifika mpaka dhahabu, namba 79. Kwa elementi nzito alitumia mistari mingine ya eksirei, ile itokayo katika tabaka la pili la elektroni, ambalo wataalamu huliita tabaka la L. Miongoni mwa elementi alizopiga picha katika tabaka hilo ilikuwamo iridiamu, namba 77. Msomaji aishike namba hiyo, maana tutairudia.

Katikati ya mwaka 1914 mgeni alivuka bahari kutoka Ufaransa. Alikuwa Georges Urbain, bingwa wa madini adimu, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kuyatenganisha kwa kuyayeyusha na kuyagandisha maelfu ya mara. Alileta vichupa vyake, pamoja na kile alichoamini kina elementi mpya aliyoipa jina la seltiamu. Kwa siku chache Moseley alimtajia kilichomo katika kila kichupa. Mfaransa alishangaa: kazi ya karibu maisha yake yote ilithibitishwa katika muda wa juma moja, isipokuwa kwamba seltiamu haikuonekana. Ikajulikana pia kwamba kutoka lantani namba 57 hadi lutetiamu namba 71 hakuna nafasi ya elementi nyingine zaidi ya zilizohesabiwa, na kwamba 61 ilikuwa wazi. Wazi pia zilikuwa 43 na 75, na 72 ikabaki na shaka. Zote zikapatikana baadaye: hafniamu namba 72 mwaka 1923 huko Copenhagen, kwa njia ile ile ya eksirei, reniamu namba 75 mwaka 1925, teknetiamu namba 43 mwaka 1937, na promethiamu namba 61 mwaka 1945. Udongo wa Makuutu, tunaposema una hiki na hiki, tunaupima kwa mizani iliyotengenezwa katika juma lile la Oxford.

Ndipo vita vikaja. Agosti 1914 Moseley na mama yake walikuwa njiani kwenda Australia, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza, vita vilipotangazwa. Alisoma taarifa yake mkutanoni, kisha akafanya haraka kurudi kwao kujiandikisha. Aliomba kuingia Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme. Mwanzoni hakupokelewa, akang'ang'ana mpaka akapewa cheo cha luteni wa pili. Rutherford alijaribu kumtafutia kazi ya utafiti nyumbani. Kijana alikataa. Alifunzwa kazi ya mawasiliano, akapewa dhamana ya mawasiliano ya Brigedi ya 38 katika Divisheni ya 13, na Juni 1915 akasafirishwa kwenda mashariki.

Mwezi huo huo wa Juni, huku kwetu, majeshi ya Waingereza, wakiwamo askari wa King's African Rifles, walivuka Ziwa Viktoria kuishambulia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Shabaha yao kubwa ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Tunalitaja hili ili msomaji aone kwamba katika vita vile, kuanzia ziwa letu hadi Uturuki, kila kamanda alikuwa akiuwinda ulimi wa adui wake. Afisa wa mawasiliano ndiye ulimi huo. Waya zikikatwa na mizinga, ni yeye anayetuma watu wakaziunganishe. Amri ikichelewa, kombania nzima hupotea.

Mwanzoni mwa Agosti Moseley alikuwa katika rasi ya Gallipoli. Brigedi yake ilitumwa kupanda vilima vyenye makorongo kuelekea Chunuk Bair, usiku, bila ramani ya kutegemewa, ikapotea njia na kukwama mahali paitwapo Shamba. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti 1915 Waturuki wakiongozwa na Mustafa Kemal, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi yao, walimiminika kutoka juu ya kilele. Kamanda wa brigedi, Jenerali Baldwin, aliuawa. Moseley alikuwa akitoa amri kwa simu alipopigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Rutherford aliandika kwa uchungu kwamba ni uharibifu kumtumia mtu kama huyo katika kazi ambayo wengi wangeweza kuifanya. Jina lake lilikuwa limekwisha kupendekezwa kwa tuzo ya Nobel mwaka 1915, na tuzo hiyo hapewi marehemu. Inasemwa kwamba katika Vita Kuu ya Pili Uingereza iliwabakiza wanasayansi wake katika maabara kwa sababu ya somo la kifo hiki.

Sisi wa jeshi tuna neno letu hapa. Hatuwezi kumlaumu luteni aliyekataa kukaa nyumbani wakati vijana wa rika lake wanakwenda. Angefanya vinginevyo tungemheshimu kwa akili yake, si kwa moyo wake. Kosa ni la mkubwa asiyejua ana nani katika orodha yake. Tena tunaposoma jinsi dunia ilivyomlilia Moseley, fikira zetu huenda kwa wapagazi waliochukuliwa kutoka nchi zetu hizi katika vita hivyo hivyo, wakafa kwa kuhara na njaa njiani, wengi wao bila hata jina kuandikwa. Ni nani kati yao angeweza kuwa nini? Hakuna Rutherford aliyeandika kwa ajili yao.

Kazi ya marehemu haikufa naye, na sasa turudi kwenye namba 77. Elektroni hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hukizunguka kiini, na hapo hapo ina tabia inayofanana na kujizungusha yenyewe mfano wa pia ya mtoto. Jambo hilo la pili halikujulikana Moseley alipokuwa hai. Lilipendekezwa mwaka 1925 na Waholanzi wawili vijana, Uhlenbeck na Goudsmit. Kila mmoja wa mizunguko hiyo huifanya elektroni kuwa sumaku ndogo, na sumaku hizo mbili hushikana. Katika atomu yenye namba ndogo zinashikana kwa ulegevu: katika chuma cha Bukusu, namba 26, kila mzunguko unakwenda karibu kwa shauri lake. Namba ikipanda, mshiko huongezeka upesi sana, mpaka mizunguko miwili inafungamana na kuwa kitu kimoja, isiweze tena kuhesabiwa mbalimbali. Hivyo ndivyo ilivyo katika madini adimu, na ni sababu mojawapo ya neodimiamu na disprosiamu kutiwa katika sumaku zenye nguvu za mota na mitambo ya upepo.

Kufungamana huko hakuonekani kwa macho. Kunagunduliwaje? Ipo oksidi ya iridiamu na strontiamu ambayo kwa hesabu za kawaida ingepaswa kupitisha umeme. Haipitishi, tena ikipozwa kufikia kama nyuzi 33 chini ya sifuri sumaku ndogo za ndani yake hujipanga. Mwaka 2008 Kim Bum Joon na wenziwe walieleza kwamba elektroni zake za nje zimefungamana kwa namna hiyo. Mwaka 2009 wakaleta ushahidi, kwa kutumia eksirei kali za mtambo wa SPring-8 huko Japani. Lile tabaka la L alilolipiga picha Moseley limegawanyika vipandio vitatu, na viwili kati yake ndivyo vitumikavyo hapa. Eksirei ikirekebishwa vizuri, huweza kuinyanyua elektroni kutoka kipandio cha kwanza au cha pili na kuipeleka kwa zile za nje. Kama elektroni za nje hazikufungamana, vipandio vyote viwili vingejibu. Kama zimefungamana vile ilivyotabiriwa, kimoja kitajibu kwa sauti na cha pili kitakaa kimya. Kimoja kilijibu kwa nguvu, na cha pili kilikuwa karibu kimya kabisa. Tangu hapo njia hiyo na ndugu zake hutumika kuchunguza oksidi nyingi za sumaku, zikiwamo za kobalti.

Mitambo ya namna hiyo ni mikubwa mno. Mviringo wake huweza kuzunguka mlima mdogo. Barani Afrika haujajengwa hata mmoja, ingawa wanasayansi wa bara letu wamekuwa wakiudai, na ulio jirani zaidi nasi uko Jordan, uliofunguliwa mwaka 2017. Mtafiti wa Uganda anayetaka kujua elektroni za madini ya kwao zinafanya nini hulazimika kuvuka bahari na vichupa mkobani, kama alivyofanya Urbain.

Moseley aliacha wasia alioufanya akiwa kazini jeshini, mali yake yote ikaenda kwa Jumuiya ya Kifalme ya London kusaidia utafiti. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa katika mnara wa Helles, kwenye ncha ya rasi ya Gallipoli, katika safu za Wahandisi wa Kifalme, kati ya maelfu ya wengine ambao nao hawakuonekana.